Je, Amani Ina Mahali Pake?

Katika vijiji vyetu iko desturi moja ambayo ni ya kale kuliko shule na kuliko kanisa. Watu wawili wakigombana, mathalani kwa ajili ya mpaka wa shamba, au kwa ajili ya mahari isiyokwisha kulipwa, wazee hawawapatanishi popote tu. Hawakubali maneno hayo yasemwe njiani, wala sokoni, wala nyumbani kwa mmoja wao. Huwaita mahali panapojulikana na wote: chini ya mti fulani, au barazani kwa mzee, na mara nyingi siku hizi mbele ya kanisa. Na shauri likiisha, watu hupataja mahali pale kwa miaka mingi, wakisema, "Tulipatana pale mwembeni." Hawakumbuki tarehe, wala hawana karatasi, lakini mwembe wanao.

Desturi hii yatuletea swali ambalo twapenda kulitafakari pamoja nanyi, ndugu wasomaji. Je, amani ina mahali pake? Yaani, je, iko nguvu katika mti, au jiwe, au jumba, au nyumba ya ibada, hata watu wakifika pale chuki zao zipoe? Wako wasemao kwamba iko, nao hutumaini mahali kama mgonjwa anavyoitumaini dawa. Wako na wasemao kwamba haiko. Amani yote i moyoni, na mtu mwenye moyo mwema aweza kupatana na mwenziwe hata jalalani. Maneno ya pande zote mbili yana sura ya kweli. Lakini swali hili si la kupitishia jioni. Wako watu waliokufa kwa sababu walitumaini mahali, na wako waliookoka kwa sababu palikuwa na mlango wa kuukimbilia. Kwa hiyo yatupasa kulipima kwa mambo yaliyotokea kweli.

Tuanze na habari ambayo kila mmoja wetu aliisikia utotoni, ya Yakobo na Labani mkwewe, katika kitabu cha Mwanzo. Watu hawa hawakutendeana mema. Labani alimdanganya Yakobo katika ndoa na katika ujira. Naye Yakobo alitoroka kwa siri pamoja na wake zake na watoto na mifugo yake, bila kuaga. Labani akamfuata siku saba, akampata katika milima ya Gileadi. Sababu ya kumwaga damu haikukosekana. Lakini walikusanya mawe wakafanya chungu, wakala chakula mahali pale, kila mmoja akaiita chungu hiyo jina katika lugha yake mwenyewe, wakaahidiana kwamba hakuna atakayeipita kwenda kumdhuru mwenziwe. Asubuhi yake Labani akawabusu wanawe na wajukuu wake, akawabariki, akarudi kwao. Wala hatusomi kwamba wale wawili walionana tena.

Amani yao haikuwa mapenzi. Mioyo yao haikubadilika usiku ule. Labani alibaki Labani, na Yakobo alibaki Yakobo. Walichofanya ni kuahidiana, na ahadi ya watu wasioaminiana yataka shahidi asiyesahau, wala kuhama, wala kupendelea upande mmoja. Ndiyo sababu walichukua mawe. Mawe yale hayakuwa na nguvu ya kumzuia Labani asivuke, lakini kama angevuka, angeyapita kwa miguu yake mwenyewe, akijua analofanya. Twaona basi kwamba kazi ya kwanza ya mahali pa amani ni kumfanya mtu asiweze kusema, "Sikujua."

Baadaye Waisraeli waliamriwa kufanya jambo kubwa zaidi. Waliambiwa wachague miji sita, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande wa pili, iwe miji ya makimbilio. Mtu aliyemwua mwenziwe pasipo kukusudia, kwa mfano shoka lilipochomoka katika mpini wake likampiga jirani, aliruhusiwa kuukimbilia mmoja wa miji hiyo, ili mlipiza kisasi asimwue kabla shauri lake halijasikilizwa. Ruhusa hiyo ilikuwa ya mwenyeji na ya mgeni pia. Walakini torati haikusema kwamba kuta za mji ndizo zitakazomponya. Iliamuru njia za kwendea huko zitengenezwe. Iliamuru mkimbizi asimame langoni, awaeleze wazee habari zake, nao wazee wampokee na kumpa mahali pa kukaa, wala wasimtie mkononi mwake yeye amfuatiaye. Na aliyeua kwa kusudi hakupata kinga katika miji hiyo, alitolewa akahukumiwe. Basi mji wa makimbilio ulikuwa kazi ya watu: wa kulima njia, wa kukaa langoni, wa kusikiliza, na wa kukataa. Watu hao wakiacha kazi yao, mji ulibaki mawe na udongo.

Mmoja wa miji hiyo sita ulikuwa Hebroni. Mji huo uko hata leo, na ndani yake liko pango ambalo Wayahudi, Wakristo na Waislamu huliheshimu kuwa ni kaburi la Ibrahimu na Sara. Kama mahali peke yake pangeweza kuleta amani, Hebroni ungeipita miji mingine yote, kwa kuwa ulitengwa tangu kale uwe makimbilio, tena una kaburi la baba ambaye watu wa dini tatu humwita baba yao. Walakini mwezi wa Agosti, 1929, Wayahudi 67 waliuawa mjini humo na umati wa Waarabu. Na tarehe 25 Februari, 1994, Myahudi mmoja mwenye bunduki aliingia katika msikiti uliojengwa juu ya pango hilo, akawapiga risasi Waislamu waliokuwa katika sala ya alfajiri, akawaua 29. Kaburi la Ibrahimu halikuuzuia mkono wa yule wala wa hawa.

Lakini si haki kusimulia habari ya mwaka ule wa 1929 na kuacha nusu yake. Wako Waarabu wa Hebroni ambao siku ile waliwaficha jirani zao Wayahudi nyumbani mwao, wakawakatalia wauaji wasiingie, na watu wengi wakaokoka kwa njia hiyo. Mji wa makimbilio haukuwapo tena, lakini nyumba za makimbilio zilikuwapo. Kazi ambayo torati iliwapa wazee wa lango ilifanywa siku ile na wenye nyumba, kila mmoja mlangoni pake.

Tuiache sasa nchi ya Biblia, twende Ulaya, tukatazame mahali ambapo si kanisa wala msikiti wala kaburi la mtakatifu, ila pana jina kubwa katika habari za amani. Kaskazini ya mji wa Paris, katika msitu wa Compiègne, pana uwanja uliozungukwa na miti. Hapo, tarehe 11 Novemba, 1918, ndani ya behewa la gari la moshi la Jemadari Foch wa Ufaransa, wajumbe wa Ujerumani walitia sahihi mapatano ya kusimamisha Vita Kuu ya kwanza. Vita ile ilikuwa imeua mamilioni ya watu, na bila shaka siku ile akina mama wengi, Wafaransa na Wajerumani pia, walimshukuru Mungu. Wafaransa wakapafanya mahali pale kuwa ukumbusho. Wakalitunza lile behewa katika nyumba yake, wakaweka jiwe kubwa chini lenye maandiko. Lakini maandiko yale hayakutaja mapatano. Yalitaja kiburi cha Wajerumani, kwamba ndipo hapo kilipoangushwa.

Ikapita miaka 22. Vita ikaanza tena, na safari hii Wafaransa ndio walioshindwa. Hitler angeweza kuwaita wajumbe wao Berlin, au katika jumba lolote la Paris. Hakufanya hivyo. Aliagiza behewa lile lile litolewe katika nyumba yake, livutwe mpaka mahali pale pale liliposimama mwaka wa 1918, na humo, tarehe 22 Juni, 1940, Wafaransa wakatia sahihi kushindwa kwao. Kisha mawe ya ukumbusho yakabomolewa, na behewa likapelekwa Ujerumani, ambako liliteketea mwaka wa 1945, ufalme wa Hitler ulipokuwa ukianguka.

Tulipopima habari hii tuliona kwamba uwanja ule haukubadilika. Miti ilikuwa ile ile, na behewa lile lile. Mwaka wa 1918 watu waliweka pale amani na fedheha pamoja, na fedheha haikuoza kwa miaka 22. Hatusemi kwamba jiwe lile ndilo lililoleta vita ya pili. Sababu za vita ile zilikuwa nyingi, na uovu wa Hitler hauhitaji kisingizio. Twasema hivi tu: aliyetaka kulipiza kisasi alijua mahali pa kwenda. Wazee wetu hawafanyi shauri nyumbani kwa mmoja wa wagomvi, nasi twadhani wanajua sababu. Mtu aliyefedheheshwa mahali hupakumbuka mahali pale sawasawa na yule aliyesamehewa, tena pengine hupakumbuka zaidi.

Lakini habari za Compiègne hazikuishia katika mwaka wa 1940. Baada ya vita uwanja ulitengenezwa tena, na behewa jingine la namna ile ile likawekwa. Na tarehe 10 Novemba, 1918 ikiwa imetimiza karibu miaka mia, yaani mwaka wa 2018, Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, na mkuu wa serikali ya Ujerumani, Angela Merkel, walifika hapo pamoja. Wakafunua kibao kipya cha mapatano ya mataifa yao mawili, wakaingia behewani wakaketi upande mmoja, bega kwa bega, wakaandika majina yao katika kitabu cha wageni. Mahali pamoja pamefanya kazi tatu: mara ya kwanza palikomesha vita, mara ya pili palilipiza kisasi, mara ya tatu palishuhudia udugu. Kama mahali pangekuwa na amani yake pao wenyewe, pangefanya kazi moja tu siku zote.

Habari ya behewa lile yatuhusu na sisi wa Afrika ya Mashariki. Sahihi zilipotiwa katika msitu wa Ufaransa, huku kwetu vita ilikuwa ingali ikiendelea. Jemadari von Lettow-Vorbeck alikuwa na askari wake, Wazungu na Waafrika, katika nchi ambayo leo yaitwa Zambia. Zilipita siku kama tatu ndipo habari ya mapatano ilipomfikia karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba, 1918, akaweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala. Wapagazi makumi ya maelfu walikuwa wamekufa katika vita ile kwa njaa, na kwa maradhi, na kwa mizigo. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latoka kwa kikosi cha wapagazi hao. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa shauri vita ilipoanza, wala aliyealikwa behewani ilipokwisha. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nasi twaongeza kwamba hata tembo wapatanapo, nyasi hupata habari mwishoni. Kwa hiyo tusipime ukubwa wa mahali pa amani kwa wakuu waliokuja tu, bali tuulize pia ni nani waliopatikana na vita ile, nao hawakupewa kiti.

Sasa tutazame mfano mwingine. Katika Amerika ya Kusini, nchi za Argentina na Chile zimegawanywa na safu ndefu ya milima iitwayo Andes. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hizo ziligombea mpaka wao, zikanunua manowari na mizinga, na vita ilikuwa karibu. Lakini mwaka wa 1902 zilikubali shauri liamuliwe na mfalme wa Uingereza, Edward VII, na zikaagana kupunguza manowari zao. Kisha watu wakatengeneza sanamu ya Bwana Yesu, kwa shaba ya mizinga ya kale iliyoyeyushwa. Wakaipeleka vipande vipande mpaka juu ya mlima, mahali mpaka unapopita, penye urefu wa mita zaidi ya 3,800 kutoka usawa wa bahari, na tarehe 13 Machi, 1904, ikawekwa wakfu mbele ya watu wa nchi zote mbili. Jambo la kuangalia ni kwamba mahali pale hapakuwa pa mshindi, maana hakuna aliyeshinda. Sanamu haikusimamishwa juu ya kiburi cha mtu kilichoangushwa. Ilisimamishwa mpakani, kama chungu ya Yakobo na Labani.

Je, sanamu hiyo iliwalinda milele? La. Mwaka wa 1978 nchi hizo hizo ziligombea visiwa vidogo vya kusini, na mwezi wa Desemba majeshi yalikuwa tayari kuvamiana. Sanamu ilikuwa pale pale mlimani. Haikushuka kuwazuia. Lakini mataifa yale mawili yalikumbuka kwamba yalipata kumpa mtu wa tatu shauri lao bila kupoteza heshima. Yakakubali upatanishi wa Papa Yohane Paulo II, na tarehe 29 Novemba, 1984, yakatia sahihi mapatano huko Vatikano. Mahali pa amani hapakuwafanyia kazi yao. Paliwaonyesha tu kwamba kazi hiyo iliwezekana, kwa kuwa babu zao waliiweza.

Labda hapa msomaji Mkristo atatupinga, naye atakuwa na haki. Atasema: Kwani Bwana wetu hakumfundisha yule mwanamke Msamaria kando ya kisima ya kwamba ibada ya kweli haifungwi na mlima huu wala na Yerusalemu? Kama kumwabudu Mungu hakufungwi na mahali, amani itafungwaje? Twajibu kwamba neno hilo ni kweli tupu, nasi twaliamini. Mungu hakai katika mawe. Lakini tukumbuke kwamba neno hilo lilisemwa kisimani. Myahudi na Msamaria hawakushirikiana vyombo, wala haikuwa desturi mwanamume kuzungumza hivyo na mwanamke asiyemjua. Kisima cha Yakobo kiliwakutanisha kwa sababu wote wawili walikuwa na kiu, na kwa sababu kisima hakikuwa cha mmoja wao peke yake. Sisi tu watu wenye miili. Moyo wa upatanisho ukikosa mahali pa kukaa na mwenziwe, penye kivuli na kikao na mashahidi, mara nyingi hubaki nia njema isiyotendwa. Twajua watu wengi waliosamehe moyoni, kama wasemavyo, lakini miaka kumi imepita hawajakanyaga ua wa ndugu zao.

Basi tumesema kwamba mahali pa amani ni shahidi, na tumesema kwamba hapana nguvu pasipo walinzi. Limebaki jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni la karibu na kwetu. Tungelinyamazia kama tungeweza, lakini haifai gazeti la Wakristo kulinyamazia.

Tarehe 4 Agosti, 1993, katika mji wa Arusha, serikali ya Rwanda na wale waliokuwa wakipigana nayo walitia sahihi mapatano ya kumaliza vita. Arusha palikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo: nchi ya jirani, isiyo ya mmoja wa wagomvi. Lakini wako waliotia sahihi kwa mkono, na wako wenzao waliokuwa wakitayarisha mapanga. Haikupita hata miezi tisa. Tangu tarehe 6 Aprili, 1994, ndege ya Rais wa Rwanda ilipotunguliwa, kwa muda wa siku mia hivi, watu wapatao laki nane, na wengine wahesabu zaidi, waliuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji.

Katika fitina za miaka ya nyuma watu wa Rwanda walizoea kukimbilia makanisani, na wauaji waliogopa kuingia. Kwa hiyo mwaka wa 1994 maelfu walikimbilia tena. Walikimbilia Ntarama, na Nyamata, na Nyarubuye, na makanisa mengine mengi. Nao wakauawa humo humo, mbele ya altare. Katika parokia ya Nyange watu zaidi ya elfu moja walijificha kanisani, na kati ya mwezi wa Aprili kanisa lile lilibomolewa juu yao kwa mashine ya kusukumia udongo. Padri wa parokia ile alihukumiwa baadaye kwa kosa hilo na mahakama ya mataifa, ambayo ilikaa katika mji ule ule wa Arusha. Wengi wa wauaji walibatizwa kama sisi. Walijua mlango wa kanisa uko wapi, kwa kuwa walikuwa wakiuingia kila Jumapili.

Tusipite hapa upesi. Wale waliokimbilia Nyange hawakukosa imani wala akili. Walifanya ambalo sisi sote tungefanya. Kosa halikuwa lao kutumaini kanisa. Kosa lilikuwa la wale waliopaswa kuwa wazee wa lango, nao wakaliacha lango, au wakalifungua kwa adui. Altare haikupoteza utakatifu wake kwa sababu damu ilimwagwa mbele yake. Lakini tulijifunza kwa gharama isiyohesabika kwamba utakatifu wa mahali hauna mikono. Mikono ni yetu.

Na sasa tusikie jambo la mwisho, nalo lilitokea Nyange pia. Usiku wa tarehe 18 Machi, 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, wanafunzi walipokuwa wakijisomea. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Kila mwanafunzi alijua maana ya amri hiyo. Walikuwa watoto wa mwaka wa 1994. Mhutu angeweza kuokoka kwa kusogea hatua chache. Wakakataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa makombora ya mkono, baadhi yao wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Taifa la Rwanda limewaandika miongoni mwa mashujaa wake, nao hukumbukwa katika siku ya mashujaa, tarehe 1 Februari.

Ni Nyange ile ile. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita, na kilima ni kile kile. Katika kanisa, mahali palipowekwa wakfu kwa mafuta na sala, watu wazima waliwatoa wenzao wafe. Katika darasa lisilo na wakfu wowote, lenye madawati na ubao, vijana walikataa kuwatoa wenzao, na chumba kile kikawa mji wa makimbilio kwa muda wa dakika chache. Hatusemi dakika chache kwa kudharau. Yamkini hizo ndizo dakika ambazo Rwanda ilizihitaji kuliko karatasi zote za mikutano.

Basi tukirudi katika swali letu, twajibu hivi. Amani haizaliwi na mahali. Huzaliwa na watu wanaotimiza ahadi. Lakini watu hao huhitaji mahali, kama moto unavyohitaji mafiga. Mafiga hayawaki, wala hakuna apikaye bila hayo. Mahali pa amani ni pale ambapo watu waliahidi wasidhuriane, pasipo mmoja kumfedhehesha mwenziwe, na ambapo wako watu walio tayari kuilinda ahadi hiyo siku itakapokuwa na gharama. Watu hao wakiondoka, tusipatumaini mahali pale kwa sababu ya jina lake tu. Na watu hao wakiwapo, hata jiko la mama mjane laweza kuwa mahali pa amani.

Jambo hili halikuandikwa kwa ajili ya marais na majemadari peke yao. Katika vijiji vyetu wako wanaotafuta pa kukimbilia. Yuko bibi kizee aliyesingiziwa uchawi kwa sababu macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, na vijana wamekwisha noa mapanga. Yuko mke aliyepigwa, naye amembeba mtoto gizani. Yuko mgeni ambaye kabila lake halipendwi, na kitu kimeibwa jana. Watu kama hawa wakibisha usiku, watabisha wapi? Tumejenga makanisa, tumeyaezeka kwa mabati, tumetundika kengele. Hayo ni mema. Lakini kengele yetu ikilia usiku kwa ajili ya mtu anayefukuzwa, ni wangapi kati yetu watakaotoka kwenda kusimama langoni?

Kila msomaji na ajiulize neno hili kabla siku ile haijafika, maana siku ikifika hapana nafasi ya kujiuliza. Na Mungu, aliyempa Kaini alama ili asiuawe na mtu yeyote, ijapokuwa mikono yake ilikuwa na damu, atujalie kuwa wazee wa lango waaminifu, kila mtu mlangoni pake.